Kisukari, kadi ya ulemavu na adhabu ya kujitunza

Chukua watu wawili nchini Kenya, wote wana kisukari. Mmoja amekatwa mguu. Akienda kutafuta kadi ya ulemavu, hahitaji maneno mengi. Mwingine ana kisukari aina ya kwanza: miguu mizima, macho yanaona, lakini hujidunga insulini mara nne kwa siku na huamka usiku wa manane kujitoboa kidole apime sukari. Huyu ndiye atakayetoa jasho kujieleza, ilhali kosa lake ni kufuata kila alichoambiwa kliniki.

Ukisoma Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010, kisukari kinaingia bila kubisha hodi. Fasili ya ulemavu pale inataja hata maradhi, mradi yana athari kubwa au ya muda mrefu kwa shughuli za kawaida za mtu, au jamii inaamini yana athari hiyo. Kadi, hata hivyo, haitolewi na Katiba. Hupitia tathmini ya hospitali kabla ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kukusajili, na swali la msingi huwa: ni nini usichoweza kufanya? Anayejitunza hana jibu zuri. Anaweza karibu yote, ila kila tendo lina hesabu yake: amekula nini, atatembea umbali gani, sindano ya mwisho ilikuwa saa ngapi.

Wanaopinga watu kama huyu kupewa kadi hawana roho mbaya. Kadi hufungua mlango wa msamaha wa kodi kwenye mapato ya hadi shilingi 150,000 kwa mwezi, na Kifungu cha 54 kinalenga asilimia 5 ya nafasi za uteuzi na uchaguzi kwa watu wenye ulemavu. Mwajiri akiruhusiwa kujaza hesabu hiyo kwa wafanyakazi wenye kisukari wanaopanda ngazi bila shida, mwenye kiti cha magurudumu atabaki nje ya lango. Hoja hiyo naikubali. Naongeza jingine: msamaha wa kodi humfaa mwenye payslip. Mama mboga anayehangaika na bei ya vijiti vya kupimia sukari haumpunguzii hata senti.

Ujerumani walijaribu kupima mzigo wenyewe badala ya kungoja kiungo kipotee. Tangu 2010, kwa mwenye kisukari, kiwango cha 50 katika kipimo chao cha ulemavu, ambacho huleta siku tano zaidi za likizo na kinga dhidi ya kufutwa kazi kiholela, kinadai sindano zisizopungua nne kwa siku, kipimo cha dawa ambacho mgonjwa hukipanga mwenyewe, na kumbukumbu za maandishi. Daftari la sukari linakuwa ushahidi. Hata hivyo sindano pekee hazitoshi. Lazima maisha yawe yamevurugika vibaya. Kwa hiyo mtego ni ule ule, umehamishwa tu: ukijimudu mno, unajiharibia kesi.

Na wapo wasioitaka kadi kabisa. Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza anayeficha sindano chooni ofisini hatafuti jina jingine la kubandikwa. Simlaumu.

Mimi ningetenganisha fedha na kinga. Msamaha wa kodi ubaki kwa walioelemewa kweli, na tathmini ihesabu pia kazi ya kila siku ya kuzuia madhara, daftari likiwa mezani. Kinga haihitaji foleni hiyo. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya hali ya afya, kikiitaja kando na ulemavu. Karani ambaye sukari imemshuka saa tano asubuhi anahitaji kikombe cha chai yenye sukari na robo saa ya kukaa. Bosi akimfuta kazi kwa robo saa hiyo, anaweza kwenda mahakamani na kifungu hicho, awe na kadi au asiwe nayo.