Tamko la Forodha Liandikwe Mara Moja

Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha hapa Mwanza, jambo linaloniumiza kuliko ushuru wenyewe ni kuandika upya kile ambacho mwingine amekwisha kukiandika. Mwenye mchele ana ankara yake, mimi nazihamishia tarakimu zilezile kwenye tamko, na mzigo ukishavuka ziwa hadi Port Bell, bandari ya Kampala, hutokea mtu akazisoma kwenye karatasi na kuzichapa tena. Safari moja, uzito ghafi, yaani pamoja na magunia, uliingizwa mahali pa uzito halisi. Mchele ukazuiwa siku tatu, ilhali hakuna kilo hata moja iliyokuwa imefichwa.

Wengi wakisikia habari ya viwango vya kubadilishana taarifa hudhani ni suala la kompyuta. Mimi naona ni suala la maana. Kiwango cha Umoja wa Mataifa kiitwacho EDIFACT, ambacho kanuni zake za uandishi zilitambuliwa kimataifa kama ISO 9735 mwaka 1988, kina ujumbe maalumu wa tamko la forodha, CUSDEC, na mwingine wa majibu ya forodha, CUSRES. Ndani yake kila taarifa ina mahali pake: alama ya kujumlisha hutenganisha vipengele, na kipande cha mwisho hutaja idadi ya vipande vyote, hivyo mpokeaji anatambua mara moja kama kuna kilichopotea njiani. Kilo huandikwa KGM, iwe Kisumu au Antwerp, na msimbo 1006.30 ni mchele uliokobolewa katika kila nchi inayotumia Mfumo Uwiano wa kuainisha bidhaa.

Leo mifumo mingi inatumia XML, namna nyingine ya kuandika ujumbe wa kompyuta, nami sina ugomvi na hilo, kwa sababu umbo la ujumbe linaweza kubadilishwa na programu ndogo. Kisichotengenezwa na programu yoyote ni makubaliano kwamba “uzito halisi” wa Mwanza ndio “uzito halisi” wa Kampala. Ndiyo maana nauthamini zaidi Muundo wa Data (Data Model) wa Shirika la Forodha Duniani, unaokipa kila kipengele jina, maelezo na msimbo wake. Himaya Moja ya Forodha, ambayo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kuitekeleza mwaka 2014, haitakamilika kwa kuunganisha mitambo pekee iwapo vipengele vyenyewe havijalinganishwa kimoja kimoja, tena mbele ya mawakala wanaovijaza kila siku.

Wapo wanaohofu kwamba kosa likiandikwa mara moja litasafiri hadi mwisho wa njia. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kosa la namna hiyo lina mwenyewe: hurekebishwa na yule aliyeupima mzigo, naye anaweza kuurudisha kwenye mizani kabla behewa halijapakiwa melini.