Kishikio cha mkia kifungwe kwenye fremu, si kwenye bati

Nikiona mtu amekamata ukingo wa bawa la mkiani la Cessna 140, ndege ndogo ya zamani, ili aigeuze ndege bandani, roho huniuma. Simlaumu, maana ndege yenyewe haijampa pa kushika, yaani kishikio kilichofungwa kwenye bodi karibu na mkia. Ndege ya gurudumu la mkiani huinuliwa mkia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: kuipenyeza kwenye banda lililobana, kuiweka mlalo kabla ya kuipima uzito, kubadilisha kile kitairi cha nyuma au kupaka beringi zake grisi. Kila mara mikono hutafuta kilicho karibu, na kilicho karibu ni bawa.

Bawa hilo liliundwa kubeba nguvu ya hewa iliyotandaa eneo lake lote. Halikuundwa kwa ajili ya vidole vya mtu. Bati lake halifiki unene wa milimita moja, na chini yake mbavu zimeachana. Ukilishika katikati ya mbavu mbili, linabonyea. Ukilishika nchani, mzigo wote unakwenda kuielemea boriti ya bawa pale inapoungana na bodi, na hapo ufa unaweza kuanza kwa ndani bila mtu kuuona. Kwa Piper Cub, ndege nyingine ndogo ya zamani, hali ni tofauti kidogo: watu hupenda kushika zile waya zinazolitegemeza bawa la mkiani, na waya zikivutwa kando hulivuta bawa nalo mpaka likapinda.

Ndege hizi hazitengenezwi tena. Cessna 140 ilianza kutoka kiwandani 1946 ikakoma 1951. Cessna 170 ilitoka kati ya 1948 na 1956. Piper J-3 Cub ilikoma 1947. Ukiharibu bawa la mkiani leo, mara nyingi utatafuta jingine kwenye ndege iliyokwisha kustaafu, nalo huenda limekwisha kuinuliwa vibaya miaka mingi kabla yako. Kwa hiyo wanaosema kishikio kinaharibu sura ya asili ya ndege nawaelewa, ila sikubaliani nao. Kishikio kinaweza kuondolewa siku yoyote. Boriti ikishapasuka, hilo ni jambo jingine kabisa.

Ila kuna kishikio ninachokiogopa kuliko kutokuwa nacho: kile kilichopigwa ribiti (pini za kubana bati) za kuvuta za kawaida juu ya bati tupu, katikati ya fremu mbili, yaani zile pete za ndani zinazoipa bodi umbo lake. Kinapendeza, kinaaminika, na kila anayepita anakivuta kwa nguvu zote. Siku gurudumu litakapozama kwenye tope na watu wawili wakakivuta kwa kishindo, matundu yatarefuka kwanza, kisha bati litachanika.

Kazi ya kweli inafanyika ndani ya bodi. Kishikio kikae juu ya fremu, na upande wa ndani liwekwe bamba la kuimarisha la alumini ya aina ileile ya bodi, lenye upana wa kutosha kuusambaza mzigo kwenye fremu na ribiti zilizo jirani. Kwa ribiti ya milimita 3.2, kati ya tundu na ukingo wa bamba pabaki angalau milimita 6.4, yaani kipenyo cha ribiti mara mbili. Kati ya ribiti na ribiti, angalau mara tatu. Kila tundu liondolewe makali pande zote mbili, na bamba lipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufungwa, hasa kama skrubu ni za chuma. Shida ni kwamba lazima mtu ajipenyeze hadi mkiani kushikilia chuma cha kugongea ribiti. Nafasi hiyo ni finyu mno, na naamini ndiyo sababu wengi hukimbilia njia ya mkato.

Kwenye ndege ya kitambaa kama Piper Cub, ambayo kitambaa chake hufunika fremu ya mabomba ya chuma, mzigo upelekwe kwenye bomba kuu la chini la fremu hiyo. Kabla ya kufunga chochote, likague bomba hilo kwa kioo na tochi. Ndege hizi hukaa mkia chini, kwa hiyo maji hukusanyika kulekule, na kutu inaweza kuwa imekwisha kulila bomba unalotaka kulitegemea.

Makaratasi nayo yasirukwe. Kwa ndege iliyosajiliwa Marekani, fundi mwenye leseni ndiye anayeamua kama badiliko ni dogo, likaandikwa kwenye kitabu cha ndege, au ni kubwa na linahitaji Fomu 337 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Hesabu ya uzito nayo irekebishwe: gramu 400 zilizo mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito zinavuta mkia chini sawa na kilo 1.6 zilizo mita moja nyuma yake. Si nyingi, lakini kitovu kikiwa tayari karibu na mpaka wa nyuma unaoruhusiwa, ni lazima zihesabiwe.

Kisha weka vishikio viwili, kulia na kushoto, ili ndege isiinuliwe kwa kupindwa upande mmoja. Magurudumu ya mbele yazuiwe, na mtu aitazame propela, kwa sababu kadiri mkia unavyopanda ndivyo ncha yake inavyokaribia ardhi. Kando ya kila kishikio paandikwe INUA HAPA kwa herufi kubwa, maana anayekuja kukusaidia kusukuma huenda hajawahi kuigusa ndege maishani mwake.