Mama, Tusubiri Nje Kidogo

Binti wa miaka 16 kaletwa hospitali, tumbo la chini linamuuma. Daktari anamuuliza yeye, anajibu mama. "Hedhi ya mwisho lini?" "Ya mwezi huu keshapata." Binti anatazama kucha zake. Daktari akisema, "Mama, naomba utusubiri nje kidogo," mama anatoka amenuna.

Ana haki ya kununa. Ndiye aliyetoa nauli, ndiye atakayelipa dawa, na ndiye anayekumbuka kwamba mtoto huyu penisilini ilimvimbisha uso. Akitaka nesi wa kike abaki humo ndani, akubaliwe bila ubishi.

Ila lile swali la hedhi si umbea. Tumbo la chini laweza kuwa UTI, laweza kuwa kidole tumbo, laweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo ya mwisho ikipasua mrija wa uzazi, damu humwagikia ndani, na binti anaweza kufa siku hiyohiyo bila tone kuonekana. Akidanganya kwa kumwogopa mama, ataandikiwa vidonge vya UTI na kurudi nyumbani. Daktari makini atapima mimba kwa mkojo hata hivyo, sawa. Lakini mkojo hausemi kama alibakwa.

Na tusijifanye ni habari ya mabinti wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walishawahi kushika mimba. Pangeni watano kwenye benchi la foleni, kisha muwatazame. Bunge nalo, mwaka 2019, lilishusha umri wa kuridhia kipimo cha VVU bila mzazi kutoka 18 hadi 15. Anaweza kuridhia kipimo kizito hivyo, halafu tarehe zake anasemewa!

Madaktari nao wanajiharibia. "Udogo wote huo umeshajua wanaume?" Baada ya hapo hutapata neno. Anza na shule, nyumbani, usingizi. Mwambie mapema kwamba mazungumzo ni siri, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini au kuna anayemuumiza. Mama naye ayasikie hayo kabla ya kutoka. Kisha, kabla mlango haujafunguliwa tena, muulize: "Tukimwita mama, niseme mimi au utasema mwenyewe?"