Kiyoyozi cha daladala kianze na dereva na konda

Kila mwaka kaskazi ikiingia, kati ya Desemba na Machi, Dar es Salaam inarudia mazungumzo yaleyale: joto limezidi, daladala zinatuchemsha, kwa nini mabasi ya mjini hayana kiyoyozi? Nayaunga mkono malalamiko hayo kwa moyo wote, lakini tumeyaelekeza upande mmoja. Tunamsikitikia abiria. Abiria wa Gongo la Mboto anayekwenda Makumbusho, hata foleni ikimshika Tazara na kumshika tena Buguruni, atakaa ndani ya gari saa moja na nusu, labda mbili, kisha atashuka na kutafuta kivuli. Dereva na konda watageuza gari na kurudi nalo. Watafanya hivyo tangu kabla ya jua kuchomoza mpaka watu wa mwisho watoke Kariakoo usiku. Joto la basi ni mahali pao pa kazi, na kwa mtazamo wangu mjadala wote wa kiyoyozi ungepaswa kuanzia hapo.

Namba za hali ya hewa hazitishi ukizisoma kwenye simu. Mchana wa Januari au Februari hapa huwa kwenye nyuzi 32 au 33, na wapo watu duniani wanaoishi na 40 na zaidi. Kinachotuumiza pwani ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi, na hewa ikiwa tayari imeshiba unyevu, jasho linatiririka bila kukauka, mwili unabaki na moto wake. Sasa wapakie watu 40 kwenye Coaster, wengine wamesimama wameshika bomba. Mtu aliyetulia tu hutoa joto la takriban wati 100, kwa hiyo hao 40 peke yao ni kama pasi nne za umeme zilizowashwa ndani ya chumba kimoja chembamba. Juu yao kuna bati linalopigwa na jua tangu asubuhi. Mbele yao kuna injini.

Hiyo injini tuitazame vizuri. Kwenye Coaster iko mbele, pembeni mwa dereva, na kinachomtenganisha nayo ni kifuniko tunachokiita boneti, ambacho saa za jioni hugeuzwa kiti cha abiria watatu. Kwenye Hiace iko chini kabisa ya viti vya mbele. Aliyewahi kukalia boneti kutoka Mwenge hadi Posta mchana anajua ninachosema: joto linapenya nguo, unahamahama huku na huku, unashukuru ukifika. Dereva hana pa kuhamia. Mguu wake wa kushoto uko sentimita chache kutoka hapo siku nzima, kioo kikubwa cha mbele kinamletea jua usoni, na gari likisimama foleni upepo wote wa dirishani unakatika. Kelele zetu za nyuma, "Suka, tembeza gari, tunakufa humu!", zinamfikia mtu aliye karibu zaidi na moto kuliko sisi sote.

Konda naye tunamdhania ana nafuu kwa sababu ananing'inia mlangoni. Anapata upepo gari likitembea, kweli. Pia anapata jua, vumbi na moshi wa malori, anasimama kutwa nzima, anapita kwa kujibana katikati ya miili kukusanya nauli, na anapaza sauti tangu asubuhi. Sijui kazi nyingi za mjini zinazomtaka mtu atumie nguvu namna hiyo kwenye fukuto namna hiyo bila kupumzika.

Saa zenyewe ndizo zinazolifanya jambo hili kuwa zito. Matteo Rizzo, mtafiti aliyechunguza ajira za daladala za Dar kwa miaka mingi, alikuta mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba siku ya kazi ilikuwa wastani wa saa 15. Tangu wakati huo magari yamebadilika, barabara zimepanuliwa, daraja limejengwa Tazara na lingine Ubungo. Ukipanda gari la alfajiri kisha ukakutana na dereva huyohuyo saa tatu usiku, utaona kwamba siku ya kazi haijafupishwa sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kwamba anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Dakika 60! Mwulize dereva yeyote wa daladala ni lini mara ya mwisho alipata dakika 60 mchana akiwa ameketi kivulini na gari limezimwa. Mapumziko yake ni pale gari linapojaza abiria stendi, na hapo bado yuko kwenye usukani, anasogea hatua moja moja kwenye mstari, jua la saa saba likiwa juu ya bati.

Halafu kuna maji. Madereva wengi hawanywi maji ya kutosha, na sababu yake inajulikana na kila anayepanda magari haya: hakuna pa kujisaidia njiani, na vyoo vya vituo vingi ni vya kulipia, viko mbali au vinanuka kiasi cha kumfukuza mtu. Mtu anajinyima maji ili asibanwe katikati ya foleni ya Barabara ya Nyerere. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwaweka watu kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji wakiwa wamepungukiwa maji kidogo tu, wala si kiu ya kuanguka. Makosa yao barabarani yakawa zaidi ya mara mbili ya siku walipokunywa vizuri, kiwango ambacho watafiti walikilinganisha na mtu aliyekunywa pombe hadi mpaka wa kisheria wa Uingereza. Sisi tunaweka vipima ulevi barabarani, na ni sawa kabisa kuviweka. Dereva aliyekauka mwili kwa saa kumi hakuna anayemsimamisha.

Sasa nirudi kwenye kiyoyozi chenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Coaster nyingi zinazofanya kazi Dar zililetwa zikiwa zimetumika Japani, na katika nyingi nilizopanda ukiinua macho darini bado unayaona matundu ya kupulizia hewa baridi, yamejaa vumbi. Kifaa kilikuwapo. Kimekufa, au kimefunguliwa, au kipo na hakiwashwi. Kwa nini? Kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini kwa mkanda, na ikizunguka inakula dizeli. Dizeli hiyo kwenye daladala hailipwi na mwenye gari. Inatoka kwenye makusanyo ya siku, pamoja na faini, pesa ya mpiga debe na pesa ya kuosha gari. Mwenye gari anasubiri hesabu yake jioni, kiasi kilekile, iwe mvua au jua, iwe kulikuwa na msafara wa kiongozi au hapakuwa. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chakula cha dereva na konda. Kwa hiyo ukiagiza leo kila daladala iwe na kiyoyozi, umewaambia watu wawili wasio na mkataba wapunguze riziki yao kila wanapobonyeza swichi. Hawatabonyeza. Hata mimi nisingebonyeza.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo hili litatatuliwa na fundi wa gesi. Litatatuliwa siku dereva atakapokuwa mwajiriwa mwenye mshahara, saa zinazojulikana na mtu wa kumpokea zamu. Si dai jipya. Mwaka 2015 madereva waligoma karibu nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyadai. Tuliokwama vituoni siku zile tulikasirika, tukatembea kwa miguu, kisha maisha yakaendelea. Deiwaka bado yupo, anapewa gari asubuhi kwa sababu mwenzake amechoka au anaumwa, na jioni hana haki yoyote juu ya kazi aliyoifanya.

Upande wa mabasi makubwa ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016 kwenye njia ya Kimara hadi Kivukoni, mambo ni tofauti kidogo. Dereva pale ameajiriwa na kampuni, na dizeli haitoki mfukoni mwake. Kisingizio cha hesabu hakipo. Huko kiyoyozi kinachofanya kazi kinaweza kuandikwa kwenye mkataba wa mtoa huduma kama zilivyo breki na matairi, na basi ambalo kiyoyozi chake kimeharibika lisitoke gereji mchana wa Februari. London iliwahi kulipa gharama ya kupuuza jambo hili. Mabasi mapya ya ghorofa yaliyoanza kubeba watu huko mwaka 2012 yalitengenezwa na madirisha yasiyofunguka, yakitegemea mfumo wa kupoza hewa, na mfumo ukashindwa kuhimili kiangazi. Ilipofika 2015 mamlaka ya usafiri ya jiji ikakubali kuyarudisha yawekewe madirisha ya kufungua, kwa takriban pauni milioni 2. Hiyo ni London, ambako joto ni la wiki chache. Sisi tukinunua mabasi ya vioo vilivyofungwa bila bajeti ya kukarabati viyoyozi, tutakuwa tumewafungia watu ndani kwa miezi minne kila mwaka.

Na kwa daladala, wakati tunasubiri mageuzi ya ajira ambayo hayataisha kesho, yapo mambo ambayo hayahitaji dizeli ya mtu. Madirisha yote yafunguke. Ukaguzi wa gari uangalie hilo kama unavyoangalia taa. Boneti ifunikwe kwa nyenzo ya kuzuia joto na isikaliwe na mtu. Paa lipakwe rangi nyeupe, kwa sababu bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua na bati la rangi nzito hulimeza. Feni ndogo ya umeme wa betri iwekwe kwa dereva. Wapo waliojinunulia wenyewe, na nawapongeza, lakini isingepaswa kuwa juu yao. Kila mwisho wa njia uwe na kivuli cha kweli, bomba la maji na choo ambacho dereva na konda wanaingia bure. Magari yanalipa ushuru stendi kila siku, na sioni ugumu wa kutenga sehemu ya pesa hiyo kwa watu wanaoyaendesha.

Lakini nataka pia namba ya mpaka wa joto iandikwe. Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024 likisema Afrika ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya wafanyakazi wanaokumbana na joto la kupita kiasi, karibu asilimia 93. Qatar, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanafanya kazi za udereva, ulinzi na ujenzi, iliweka sheria mwaka 2021: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15 hakuna kazi ya nje kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 na nusu alasiri, na wakati wowote kipimo kinachounganisha joto, unyevu na jua kikipita nyuzi 32.1, kazi ya nje isimame. Yapo mengi ya kulaumu kuhusu hali ya wafanyakazi huko, na sheria hiyo ilikuja baada ya vifo na kelele nyingi. Ila inatufundisha kwamba joto linaweza kupimwa, likawekewa mpaka, na mpaka ukampa mfanyakazi haki ya kusimama. Hapa tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakala wake, OSHA. Ningependa kuona mkaguzi wa OSHA anapanda daladala na kipimo mkononi saa nane mchana, anakiweka pembeni mwa kiti cha dereva, anaandika alichokiona, na matokeo yanatangazwa.

Najua jibu la wamiliki: nauli. Desemba 2023 nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600, na wengi wetu tuliuhisi uzito wake. Siombi ipande tena kwa jina la kiyoyozi. Ninachoomba ni kwamba LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inapokusanya maoni kabla ya kupanga nauli, pale ambapo bei ya dizeli, matairi na vipuri inahesabiwa kwa makini, gharama ya zamu ya pili ihesabiwe pia: dereva mmoja wa asubuhi na mwingine wa jioni kwa gari moja, pamoja na saa ya mapumziko iliyomo kwenye sheria tayari. Mkutano wa maoni ukiitishwa tena nitaipeleka hoja hii kwa maandishi, na nawaomba wenzangu mnaopanda magari haya kila siku mpeleke zenu.