Inoue Alikuwa na Haki ya Kukivunja Kitabu Chake

Mchezo wa mwisho wa mpira wa kikapu katika Slam Dunk, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Takehiko Inoue, kati ya shule ya Shohoku na mabingwa wa Japani, Sannoh, unamalizika kwa kurasa ambazo karibu hazina neno hata moja. Sekunde zilizosalia hazifiki 10, Sannoh wanaongoza kwa pointi moja, na Inoue, ambaye katika juzuu zote zilizotangulia alijaza visanduku vyake kelele za mashabiki, majigambo ya Sakuragi wa Shohoku na milio ya viatu sakafuni, ghafla ananyamaza. Nilipozisoma kurasa hizo kwa mara ya kwanza niligundua kwamba nilikuwa nimezuia pumzi, na kwamba mwendo wa mchezo ule ulikuwa mkononi mwangu: nisipofunua ukurasa, mpira hautoki kwa Rukawa, mwenzake Sakuragi.

Ndiyo maana niliamini kwa muda mrefu kwamba hadithi hii haikufaa kutiwa kwenye skrini. Manga humwachia msomaji wakati wake. Anaweza kukitazama kisanduku kimoja dakika nzima, akarudi nyuma, akaruka mbele. (Sisi tuliopita chuo cha Kurani hatukusumbuliwa hata na ule ugeni wa kukifungua kitabu kutoka kulia, mkono ulikwisha kuzoea kufunua juzuu hivyo tangu utotoni.) Anime, yaani katuni ya Kijapani ya kwenye skrini, huuchukua wakati huo na kuukabidhi kwa mwongozaji, naye akiutumia vibaya, mtazamaji hana la kufanya ila kuvumilia au kuzima.

Katika mfululizo wa televisheni uliotengenezwa na kampuni ya Toei kuanzia mwaka 1993, wakati ulitumika vibaya. Nausema hivyo nikiupenda, kwa maana muziki wake bado unanisisimua na utani wake ulikuwa hai. Hata hivyo manga yenyewe ilikuwa ingali ikichapishwa kila wiki katika jarida la Shonen Jump, na anime iliyokuwa ikiifuata kwa nyuma haikuweza kwenda mbio kuliko kalamu ya mchoraji. Matokeo yake, mchezaji anakimbia na mpira huku akiwaza, mpinzani wake naye anawaza, walio kwenye benchi wanaeleza kile ambacho sote tumekiona, na kikapu bado kiko mbali. Kurasa ambazo jicho langu lilizipita kwa pumzi moja zilinyoshwa hadi zikakosa mvutano. Kisha, baada ya vipindi 101, mfululizo ukasimama Machi 1996, miezi mitatu tu kabla manga haijafika mwisho, bila kuugusa mchezo wa Sannoh. Waliotegemea televisheni peke yake walibaki na mechi ya kirafiki ambayo haimo kitabuni, na wengine walisubiri zaidi ya miaka 26.

Filamu ya The First Slam Dunk ilipotoka Japani tarehe 3 Desemba 2022, Inoue mwenyewe akiwa mwandishi na mwongozaji, manung'uniko yalikuwa yameitangulia, kwa sababu waigizaji wa sauti waliozoeleka walikuwa wamebadilishwa. Waliokwenda kuitazama walikuta jambo zito zaidi: mhusika mkuu si Hanamichi Sakuragi tena, yule kijana mkorofi wa nywele nyekundu ambaye kitabu kizima kimejengwa juu yake, bali ni Ryota Miyagi, mchezeshaji wa timu mwenye urefu wa sentimita 168, ambaye miongoni mwa wachezaji watano wa Shohoku ndiye aliyekuwa ameelezwa kwa uchache zaidi. Mimi pia nilinuna. Nilihisi kama mtu aliyealikwa harusini akakuta bwana harusi amebadilishwa.

Leo nasema kwamba Inoue alifanya sawa, na kwamba sisi tulionuna tulikuwa tukiupima uaminifu kwa kipimo kisichofaa. Tulidai matukio yaleyale, kwa mpangilio uleule na kwa maneno yaleyale, tukasahau kwamba mchezo ule tulikwisha kuujua hadi pointi ya mwisho, 79 kwa 78. Kuurudia ukurasa kwa ukurasa kungetupa kumbukumbu, na kumbukumbu haina haja ya filamu. Inoue alipousimulia upya kupitia macho ya Miyagi, alirudisha kitu ambacho msomaji wa zamani alikuwa amekipoteza, yaani hali ya kutojua. Sikumjua kijana huyu wa Okinawa aliyekulia chini ya kivuli cha kaka yake Sota, hodari wa mpira wa kikapu, ambaye siku moja alitoka na mashua kwenda kuvua na hakurudi. Ukumbi wa mchezo na ule ufuko vinapishana kwenye skrini kwa muda wote wa filamu, kiasi kwamba Miyagi anapobanwa na walinzi wawili warefu wa Sannoh na kuupenya ukuta wao akidunda mpira chini kabisa, najua anachokipenya si walinzi peke yao. Kitabuni tukio hilo lilikuwa mbinu nzuri ya mchezo. Hapa limebeba mama, kaka na bahari.

Wengine husema kwamba habari za Sota zilibandikwa kwa nguvu ili kuwaliza watu. Sikubaliani nao, kwa kuwa mwaka 1998, miaka miwili baada ya manga kwisha, Inoue alichora hadithi fupi yenye mvulana aitwaye Ryota, na msiba wa filamu hii una mizizi yake humo. Mtu aliyekaa na jambo zaidi ya miaka 20 hawezi kulaumiwa kwa kulizua.

Mwendo wa miili nao unastahili neno. Filamu ilitengenezwa kwa michoro ya kompyuta, mwendo ukichukuliwa kutoka kwa wachezaji halisi wa mpira wa kikapu, na ndiyo maana mchezaji asiye na mpira naye anafanya kazi: anajipanga, anamzuia mtu, anahema. Hakuna anayesimama katikati ya shambulio kuhutubia. Hapo ndipo nilipouona uaminifu wa kweli kwa manga, kwa sababu kasi ile niliyokuwa nikiisikia vidoleni mwangu nikifunua kurasa ndiyo niliyokutana nayo kwenye skrini, ingawa nusu ya matukio ya kitabu haimo.

Inoue si wa kwanza kukiasi kitabu. Katsuhiro Otomo aliigeuza Akira kuwa filamu mwaka 1988, miaka miwili kabla hajaimaliza manga yake, akaikata na kuishona upya bila huruma. Fullmetal Alchemist ya Hiromu Arakawa ina anime mbili: ile ya mwaka 2003, ambayo ililazimika kujitungia njia yake kwa kuwa manga ilikuwa haijakwisha, na ile ya mwaka 2009, iliyokifuata kitabu hadi tamati. Ya pili imekamilika zaidi, na mgeni nitamwelekeza huko. Ile ya kwanza, pamoja na kasoro zake, ndiyo inayonirudia usiku.

Gharama ipo, nayo imemwangukia Sakuragi. Manga inatuonyesha jinsi mtu asiyejua hata kushika mpira anavyofundishwa kurusha, na somo lenyewe linasema kwamba mkono wa kushoto kazi yake ni kuutegemeza mpira tu. Anapolikumbuka somo hilo katika sekunde za mwisho, kwa msomaji ni juzuu 31 zinazokutana katika mkono mmoja. Mtu aliyeanza na filamu hawezi kulipata hilo. Ataona mrusho mzuri, basi. Ucheshi nao umepungua sana, na bila ucheshi Sakuragi anaonekana mkorofi kuliko alivyo.

Hata hivyo, zilipofika sekunde hizo, Inoue alizima sauti. Hakuna muziki wala kelele za ukumbi. Ni miili tu inayokimbia. Ukumbi niliokaa ulikuwa umejaa watu na sikusikia hata kikohozi. Mwongozaji alikuwa ameushika wakati wangu, nami sikutamani kunyang'anya.

Ningemwomba jambo moja tu. Baada ya mchezo Miyagi anakutana na mama yake ufukweni na kumkabidhi ukanda mwekundu wa mkononi uliokuwa wa Sota, kisha filamu, badala ya kuishia hapo, inatupeleka Marekani kumwona Miyagi akikabiliana tena na Sawakita wa Sannoh. Mimi ningezima taa wakati mama bado ameushika ule ukanda.