Namba ya NIDA haitoshi: imani inavyojengwa kwenye kazi ya pamoja mtandaoni

Msimu uliopita wa zabibu, saa moja na nusu asubuhi, ujumbe uliingia kwenye grupu letu la WhatsApp la wakulima wa Mpunguzi, Hombolo na vijiji vya jirani. Ulisema kiwanda kimoja kimepandisha bei, magari yapo njiani, msiwauzie madalali. Aliyeuandika alikuwa na miezi mitatu tu ndani ya grupu. Watu wakasitisha mauzo. Zabibu iliyoiva haingoji mtu. Ukiiacha kwenye jua la Dodoma inaanza kunywea, na nyuki na ndege wanakuja kujichukulia. Magari hayakuja. Siku ya nne madalali walewale walirudi, na bei waliyotoa ilikuwa chini ya ile tuliyoikataa.

Wiki hiyohiyo wasimamizi walifunga mlango. Kila mwanachama, mpya na wa zamani, alitakiwa kuleta namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, picha ya kitambulisho na wadhamini wawili walio ndani. Asiyeleta kwa siku saba, anaondolewa. Grupu lililokuwa linakaribia watu 200 likabaki na pungufu ya 90. Wapo wanaosema sasa tunapumua, na wapo wanaosema tumekiua kitu pekee kilichokuwa kinatupa bei ya kweli. Mimi nilipinga masharti yale tangu siku ya kwanza na bado nayapinga. Ila nimewasikiliza walioyaweka, na kuna mambo mawili waliyosema ambayo sikuweza kuyajibu.

La kwanza ni hili: kosa la kwetu halifutiki. Wanaotetea milango wazi hupenda kutoa mfano wa Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza Januari 15, 2001, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na ambayo huwaomba wahariri wake wamchukulie mwenzao kuwa ana nia njema mpaka ithibitike vinginevyo. Mfano ni mzuri, lakini pale mtu akiandika uongo, mwingine anabonyeza mara moja na ukurasa unarudi ulivyokuwa jana. Zabibu iliyonyauka hairudi kwenye mzabibu. Mkulima aliyepoteza mavuno amepoteza ada ya mtoto, na kumwambia aendelee kuamini watu asiowajua ni kumtwisha mzigo ambao anayemshauri haubebi.

Hata Wikipedia yenyewe ililazimika kubana kidogo. Mwaka 2005 mtu mmoja aliandika kwenye wasifu wa mwanahabari wa Marekani, John Seigenthaler, kwamba aliwahi kuhusishwa na mauaji ya Rais Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa hapo takriban miezi minne. Baada ya hapo Wikipedia ya Kiingereza iliwazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya.

La pili ni uchache wa macho. Msemo wa wanaotetea milango wazi ni kwamba wengi wakiangalia, kosa litaonekana. Sawa, wengi wako wapi? Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala kwenye Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Kimarekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa bado mtoto, na hakuna dalili kwamba alikuwa na nia mbaya. Aliachwa miaka kadhaa kwa sababu wasemaji wenyewe hawakuwepo kumwambia. Mfano huo unatugusa sisi. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, lugha yetu ina wasemaji makumi ya mamilioni, lakini wanaoihariri kwa kudumu ni wachache mno. Mwaka 2009 Google walianzisha shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili kwa zawadi. Makala zikamiminika, shindano likaisha, na wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Sasa kama lugha nzima inahangaika kupata macho ya kutosha, grupu la wakulima wa wilaya mbili litayapata wapi?

Hoja hizi mbili nazikubali. Ninachokataa ni dawa iliyochaguliwa, na sababu yangu ya kwanza ni kijana yule aliyeandika ujumbe wa bei kwenye grupu letu. Tunamjua. Kwao ni Mvumi, jina aliloweka kwenye simu ni lake, picha ni yake, na wanachama wawili wanawafahamu wazazi wake. Angeombwa NIDA angetoa, angeombwa wadhamini angewapata kabla ya saa sita mchana. Angepita masharti yote, na ujumbe wake ungeingia vilevile saa moja na nusu asubuhi. Naye anasema aliupokea kutoka kwa mtu aliyemwamini akausambaza. Kitambulisho kinasema mtu ni nani. Kuhusu bei aliyoileta, hakisemi neno.

Taifa zima limeshapita njia hii. Laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, na Januari 20, 2020 ikawa siku ya mwisho. Usajili una faida yake, kwa kuwa mhalifu anaweza kufuatiliwa. Lakini nani kati yetu ameacha kupokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, bado wanatuomba tuzipeleke namba za matapeli kwenda 15040. Jina linasaidia baada ya wizi, wakati mkulima anahitaji kusaidiwa kabla hajafunga kreti.

Upande wa pili wa jambo hili niliuona kwa mama mmoja wa Hombolo. Mumewe alifariki, shamba analiendesha yeye, na laini anayotumia imesajiliwa kwa jina la mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Kitambulisho chake na namba ya simu havikulingana, akaondolewa. Huyu ndiye aliyekuwa akituandikia bei ya mzani karibu kila siku ya mavuno, misimu miwili mfululizo, bila kukosea. Tulimtoa mtu ambaye kazi yake tulikuwa tumeiona kwa macho, tukabakiza watu ambao tuliona karatasi zao tu. Sijawahi kuelewa hesabu hiyo.

Na karatasi zenyewe zimekaa wapi? Picha za vitambulisho zaidi ya 80 zimo kwenye simu ya msimamizi mmoja, simu ambayo watoto wake huchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisizidi kinachohitajika. Sidhani kama mtu yeyote kati yetu aliifikiria siku ile, maana tulikuwa na hasira. Lakini simu ile ikiibiwa sokoni Majengo, tutakuwa tumewapa matapeli kile tulichokuwa tunajikinga nacho.

Kuna hatari nyingine ya mlango uliofungwa, nayo huchelewa kuonekana. Mwaka 2021 shirika linaloendesha Wikipedia, Wikimedia Foundation, lilitoa ripoti kuhusu Wikipedia ya Kikroati. Kikundi kidogo cha wasimamizi walioaminiana wao kwa wao kilikuwa kimeishika kwa takriban miaka kumi, kikapotosha historia kuelekea siasa kali za utaifa na kuwafungia wahariri waliowapinga. Wale hawakuwa wageni. Walikuwa ndio walinzi wa mlango, na aliyetaka kulalamika alilazimika kulalamika kwao.

Tukio ambalo limenifundisha zaidi ya yote linahusu watu wa programu za kompyuta. Kuna programu ndogo iitwayo XZ, ya kufinya mafaili, inayotumika ndani ya mifumo mingi ya kuendeshea kompyuta ya aina ya Linux duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwaka 2021 akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan. Alifanya kazi nzuri, kidogo kidogo, kwa zaidi ya miaka miwili. Wakati huohuo akaunti nyingine zilikuwa zikimsakama mtunzaji kwamba amechelewa, amezembea, amwachie mwingine. Naye alikuwa amechoka, na alilisema hilo hadharani. Akamkabidhi msaidizi funguo. Mapema 2024, matoleo mapya ya XZ yalitoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mnamo Machi 29, 2024 mhandisi Andres Freund aliutangazia ulimwengu, baada ya kuona kuingia kwenye mashine zake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde na kukataa kulipuuza.

Anayependa milango kufungwa atasema: mnaona, hata miaka miwili ya uaminifu ilikuwa ya kuigiza. Anayependa milango wazi atasema: mnaona, aliyegundua hakuwa mlinzi wa mradi ule, alikuwa mtu wa nje aliyeruhusiwa kuchungulia. Wote wawili wako sahihi, ndiyo maana nalirudia tukio hili kila tunapobishana. Ila mimi naona mambo mawili yanayopita ubishi huo. Sehemu muhimu ya mtego haikuwemo kwenye daftari la wazi ambalo kila mtu huliona. Iliwekwa kwenye kifurushi kilichotolewa kwa watumiaji. Yaani kilichokaguliwa na kilichotumika havikuwa kitu kimoja. Na funguo zilitoka mikononi mwa mtu aliyechoka, peke yake, huku wengi wakifaidi kazi yake na wachache wakimsaidia.

Babu yangu wa upande wa mama alikuwa mfugaji wa Bahi. Kama Wagogo wengi wa zama zake, hakuweka ng'ombe wake wote boma moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Aliyepewa alikamua maziwa, alitunza, na siku mwenyewe akihitaji alirudisha. Nilimuuliza alijuaje kwamba hataibiwa. Alinijibu kwamba ng'ombe hafichiki: majirani wanamwona akienda kisimani, na akifa aliyemtunza anakuja na habari mapema na ngozi mkononi. Alimwamini rafiki yake, ndiyo, lakini aliweka ng'ombe mahali ambapo macho mengine yalikuwepo, na hakuweka wote kwa rafiki mmoja.

Wanawake wa vikoba wanalijua hili vizuri kuliko sisi wa magrupu. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, na fedha zinahesabiwa mbele ya wote kabla hazijafungiwa. Hakuna anayejisikia kutukanwa kwa kuhesabiwa mbele ya wenzake. Lakini grupu letu lilikuwa na msimamizi mmoja mwenye uamuzi wa mwisho, aliyeondoa watu usiku bila kuandika sababu. Simlaumu yeye. Anajibu ujumbe mpaka saa tano usiku, kwa bando lake, msimu wa tatu huu, na wengi wetu hatujawahi hata kumuuliza analipaje. Nikimfikiria mtunzaji wa XZ, namfikiria na yeye.

Kwa hiyo nilipopewa nafasi ya kusema kwenye kikao chetu pale Mpunguzi, sikuomba mlango uachwe wazi kama zamani. Niliomba ulinzi uhamishwe kutoka kwa mtu uende kwenye habari. Anayetangaza bei aambatanishe picha ya karatasi ya mzani ya siku hiyohiyo, na aseme ameuza wapi. Bei isiyo na karatasi iruhusiwe, kwa sababu fununu nayo ina kazi yake, lakini iandikwe wazi kuwa ni tetesi, na asiwepo wa kuwaambia watu wasiuze. Mgeni aingie asome, na apewe nafasi ya kutangaza baada ya wenzake kuona taarifa zake kadhaa zimethibitika. Wasimamizi wawe watatu, wa vijiji tofauti, na anayemwondoa mtu aandike sababu mbele ya wote. Picha za vitambulisho zifutwe.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi namna watu wa kawaida wanavyotunza maji, malisho na misitu ya pamoja. Moja ya aliyoyaona ni kwamba jumuiya zinazodumu huanza na adhabu ndogo, kisha huongeza kwa anayerudia kosa. Sisi tulianza na adhabu kubwa kuliko zote, tena kwa watu ambao hawakukosa.

Pendekezo langu lina upungufu, na mzee mmoja wa Hombolo aliueleza bila kuzunguka: picha ya karatasi ya mzani inaweza kuwa ya jana, inaweza kuwa ya mtu mwingine, na asiye na simu janja haipigi. Ni kweli. Kwa wenye simu ya kitochi tulikubaliana wampigie mmoja wa wasimamizi watatu, naye aandike kwa niaba yao akitaja kijiji. Hilo la karatasi ya jana bado hatujalipatia jibu la kuridhisha, zaidi ya kutegemea mwingine aliyeuza mzani uleule aseme.

Mama wa Hombolo alirudishwa wiki iliyopita na tayari ametuma karatasi mbili. Sasa kijana wa Mvumi ameomba kurudi. Ameandika ujumbe mrefu, ametaja hasara aliyosababisha, na amemtaja hadharani aliyempa ile habari. Wasimamizi wawili wanakataa, mmoja anakubali. Mimi nimesema aingie asome, asitangaze bei msimu huu, na atakapoanza kutangaza aanze kwa karatasi kama wengine wote. Kura inapigwa Jumamosi jioni, watu wakishatoka shambani.