Uzi Umejikusanya Chini? Weka Hiyo Bisibisi!

Hivi nani alitufundisha kwamba uzi wa cherehani ukijisokota chini ya kitambaa, basi kosa ni la bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini? Nani? Mtu anaona fundo kama kiota cha ndege, mbio kwenye bisibisi, anakaza skrubu ya kesi, kile kikopo kinachoshika bobini. Anashona: fundo. Anakaza tena: fundo na nusu! Uzi uliolegea pale ni wa juu, jamani, wa juu!

Na mara nyingi hata kile kidude cha kukazia uzi hakina hatia. Umepitisha uzi huku mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa chini. Zile sahani mbili za hicho kidude zimebanana, uzi umebaki nje. Inua mguu, toa uzi wote, pitisha upya, usiuruke ule mkono unaopanda na kushuka. Basi! Lakini wapi, sisi tutafungua cherehani mpaka miguu ya meza.

Kesi ya chuma umeshaivuruga? Ining'inize kwa uzi wake, uutikise kidogo: ishuke sentimita chache, isimame. Ikiporomoka mpaka chini, kaza robo mzunguko. Robo! Nani kasema mpaka skrubu ilie? (Na ule uzi wa bei ya kutupa, wenye manyoya, hauna dawa.)